Bora rada au bora gesti?

Mwezi wangu karibu wote umepita nikiwa nimenuniana na mtu kwa sababu ya kitu ambacho sijawahi hata kukishika mkononi. Rada! Siyo ile ya uwanja wa ndege, wala ile ya serikali iliyotusumbua vichwa miaka ile. Hii ni kadude kadogo tu kanakofichwa nyuma ya shoo au bampa ya mbele ya gari. Magari mengine yanako. Letu, jipya la zero kilometa, halina.

Ngoja nianze mwanzo.

Wanaonifahamu wanajua Baba Careen ana shamba la nyanya Ilula, ule upande wa Iringa ukishamaliza kupanda Kitonga. Kutoka kwetu Kimara mpaka huko ni zaidi ya kilomita 400, na Jumatatu mpaka Ijumaa ana kazi yake ya ofisini hapa mjini. Kwa hiyo hesabu zake zilikuwa hivi: Ijumaa saa 10 jioni anatoka ofisini, anapambana na foleni ya Mbezi mpaka Kibaha, anaendesha usiku kucha, anaingia Ilula alfajiri. Jumamosi anashinda shambani. Jumapili jioni anapakia matenga yake, anaanza kurudi ili Jumatatu saa 2 awe mezani na tai shingoni. Ukimwambia apumzike anakujibu kwamba nyanya hazipumziki. Ndivyo alivyo, na nilimkubali hivyo hivyo.

Mwaka juzi, enzi za ile Noah yetu chakavu, alisinzia. Ilikuwa maeneo ya Mikese, kama saa 9 usiku, anarudi Dar. Anasema alifumba macho "kidogo tu", akashtuliwa na kelele za changarawe chini ya tairi, kufumbua macho gari limeshatoka kwenye lami na mbele yake kuna mti. Akakata usukani, akapona. Haya yote sikuyajua siku hiyo. Niliyajua miezi minne baadaye kwenye harusi ya binamu yake, akiwasimulia mashemeji zangu huku wanagongeana mikono na kucheka. Nilienda chooni nikakaa huko mpaka mtu akaja kunigongea.

Baadaye nilipiga hesabu. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Sinzia sekunde tatu tu, umeshakwenda mita 66 kama kipofu. Chukua uwanja wa mpira, simama golini, tembea mpaka uvuke katikati na kuzidi. Hapo ndipo mume wangu alipokuwa "amefumba macho kidogo".

Basi kwa vile kazi yangu ni kusoma na kuandika, nikaanza kusoma mambo ya magari, mimi ambaye mpaka hapo nilichokuwa najua ni rangi ya gari na kama lina A/C. Nikakuta dunia imeenda mbali. Kuna breki zinazojikamata zenyewe: rada ya mbele na kamera iliyopachikwa juu ya kioo cha mbele zinaangalia barabara muda wote, zikiona unaelekea kugonga na wewe umezubaa, gari linapiga kelele kwanza, ukiendelea kuzubaa linakanyaga breki lenyewe. Kuna kamera inayosoma mistari ya barabarani, ukiuvuka bila kuwasha indiketa usukani unatetemeka au unasikia mlio. Kuna kataa kadogo kwenye saiti mira kanakowaka kama kuna bodaboda imejificha pale ambapo kioo hakifiki. Halafu kuna kruzi kontroli inayopunguza mwendo yenyewe ukikaribia gari la mbele. Kule Ulaya vingine wala siyo anasa tena. Tangu Julai 2024 gari dogo lolote jipya linalouzwa kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, pikapu zikiwemo, lazima liwe na breki hizo za dharura.

Nikaandika karatasi, vitu vinne, nikaibandika kwenye friji kwa ile sumaku ya nanasi. Breki za kujikamata. Mlio wa mstari. Taa ya saiti mira. Kamera ya nyuma. Nikamwambia mzee, gari likinunuliwa tena ndani ya nyumba hii liwe na hivi, mengine yote chagua wewe, hata rangi.

Tuliuza kiwanja cha Chanika tulichonunua mwaka ule tulipooana. Tukaongeza mkopo wake wa benki na hela yangu ya kikoba. Zaidi ya milioni 130, msomaji wangu, naandika hapa mkono unatetemeka. Pikapu, dabo kebini, mpya kabisa na siti bado zina nailoni. Siku ya kusaini mimi nilikuwa ofisini, toleo linaingia mtamboni, na mnajua siku hiyo hata mama yangu mzazi simpokelei simu. Yake niliipokea.

"Mama Careen, niko hapa. Wanasema iko ful. Nisaini?"

"Karatasi ya friji unayo?"

"Nimeipiga picha, kijana wa mauzo ameiona. Anasema vyote vipo, bosi."

"Saini."

Hilo neno nililisema mimi, kwa mdomo wangu. Tulikaa siku nyingi nikijifanya silikumbuki.

Tukagundua kwa mdomo wa mtoto. Jumapili ya kwanza tulikwenda Bagamoyo kulifungua gari, kula samaki na kupiga picha. Mimi nimekaa mbele na kitabu cha gari mapajani, natafuta kitufe cha kuwasha ule mlio wa mstari. Kitabu kinaonyesha kiko kushoto chini ya usukani, mstari wa vitufe vinne. Careen akapenyeza mkono kutoka nyuma, akabonyeza kimoja, akabonyeza cha pili.

"Mama, mbona hivi havibonyezeki?"

Vilikuwa vifuniko. Umeshawahi kuviona? Plastiki nyeusi iliyopachikwa mahali ambapo kitufe kingekaa kama ungekuwa umelipia gari la juu zaidi. Kati ya vinne, vitatu vilikuwa vitupu. Gari lina kamera ya nyuma, lina kruzi kontroli ya kawaida isiyojua kama mbele kuna lori au kuna njia nyeupe, basi. Baba Careen akakohoa, akaongeza sauti ya redio.

Nirahisishe hapa kwa anayetaka kununua, maana siri yenyewe ni ndogo tu. Jina moja la gari linabeba magari matatu au manne tofauti ndani yake, kuanzia la kazi mpaka la mabosi. Kile kitabu cha picha wanachokupa kinapiga picha la mabosi. Chini kabisa, kwa maandishi ya kusomea na miwani, kimeandikwa kwamba vifaa vinaweza kutofautiana kulingana na soko. Kwenye mkataba wetu aina ya gari ilikuwa imeandikwa waziwazi kwa herufi na namba, na ilikuwa ya katikati, na sahihi chini yake ni ya mume wangu. Kwa hiyo tuliporudi kulalamika tulikaribishwa maji ya baridi, tukaonyeshwa mkataba, tukaambiwa gari limeshasajiliwa haliwezi kurudi. Kampuni siitaji na kijana yule simtaji, maana hata yeye sina hakika kama alikuwa anadanganya au alikuwa hajui anachouza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo inayohusika. Ila sisi tulikuwa na neno la mdomo, wao wana karatasi. Laiti ile picha ya karatasi ya friji ingegongwa muhuri na kuambatanishwa na mkataba, leo ningekuwa naandika safu nyingine.

Wala si sisi peke yetu duniani. Mwaka 2021, ule upungufu wa chip ulipopamba moto, General Motors ya Marekani ilitoa baadhi ya magari mapya, pikapu zikiwemo, bila siti wala usukani wa kupasha joto. Wamarekani walilalamikia makalio yao kupoa. Mimi nalalamikia mti wa Mikese.

Wiki hiyo kwetu kulikuwa kimya kama msibani. Yeye msimamo wake ni kwamba gari ni gari, linaenda, lina ABS, lina eabegi, lina nguvu ya kupanda Kitonga na matenga nyuma, mke wangu unataka nini tena? Mimi msimamo wangu ulikuwa mmoja: liuzwe. Tuuze tuongeze hela tuchukue lenye rada.

Kwa hiyo tukaanza kupiga hesabu za kweli.

Nilikwenda yadi mbili za barabara ya Nyerere na nyingine moja ya Kinondoni. Gari lilikuwa na miezi miwili na kilomita elfu nne. Aliyejitahidi sana alishuka milioni 25 chini ya tulichonunulia, na alisema hivyo huku anapiga piga boneti kama mtu anayekununulia mbuzi mgonjwa. Ukiongeza tofauti ya kupanda mpaka gari la mabosi, tulikuwa tunazungumzia milioni 50 kwenda juu. Hizo ni nyanya ngapi? Nilimuuliza mzee, akaanza kuhesabu kwa vidole kisha akaacha.

Shosti wangu mmoja, dereva mzuri kuliko wanaume wengi ninaowajua, akaniambia acha ushamba, vifaa hivyo vinafungwa tu. Tukaenda Gerezani kwa fundi umeme wa magari ambaye amenyoosha magari ya nusu ya ofisi yetu. Alilizunguka gari, akachungulia juu ya kioo, akainama chini ya bampa, akajifuta mikono.

"Dada, mimi nikitaka kula hela yako nitakufungia kamera na mlio. Vipo, vya bei zote. Vitalia. Lakini breki kujikamata yenyewe, hapana. Hiyo rada inaongea na kompyuta ya breki, na kompyuta ya hili gari haijafundishwa hiyo lugha. Nyaya zenyewe hazipo. Halafu hata lile lenye navyo, jiwe likipasua kioo cha mbele usije kwangu, kile kioo kikibadilishwa kamera lazima ipimwe upya kwa mashine, ikikaa vibaya kidogo tu inaona vitu visivyopo."

Nilimpa elfu kumi ya soda kwa ukweli wake.

Hapo ndipo nilirudi kusoma tena, safari hii nikiwa na swali lililonyooka. Hivi kama tungekuwa navyo, vingemsaidia Baba Careen kwenye barabara yake, saa zake? Kuna taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima kule Marekani, IIHS, wanaopima mambo haya kwa ajali zilizotokea kweli. Waliona magari yenye breki za kujikamata yanagonga wenzao kwa nyuma mara chache kwa karibu nusu. Nusu siyo mchezo. Kwenye foleni ya Ubungo, ambapo kila siku kuna mtu amembusu mwenzake kwa nyuma kwa sababu ya kuchati, ningekuwa nayo ningelala usingizi. Lakini mwaka 2022 hao hao walitoa takwimu za watembea kwa miguu: breki zinazotambua watu zilipunguza ajali za kuwagonga kwa asilimia 27, ila kwenye barabara zisizo na taa usiku hawakuona tofauti yoyote. Yaani kwenye giza, lenye kifaa na lisilo nacho lilikuwa lile lile.

Sasa piga picha njia yetu. Ukiacha Chalinze, Morogoro na vimji vya njiani, usiku ni giza la kutia kidole jichoni. Baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa haina taa. Lori limeharibika katikati ya njia, na onyo lake ni matawi ya mti yaliyotandazwa barabarani hatua chache nyuma. Matuta mengine hayana kibao wala rangi. Ukiingia Mikumi unakata hifadhi kwa karibu kilomita 50, na tembo havai nguo ya kung'aa. Kuna vibao vya faini kwa kila mnyama utakayemgonga, kama vile tatizo ni bei. Ile kamera ya mistari nayo inataka mistari ionekane. Kuna vipande imefutika mpaka unabahatisha njia yako ni ipi, na msimu wa mvua na matope kioo chenyewe hakionekani.

Nilikuwa sitaki kuyasoma haya, nakiri. Nilitaka niambiwe kwamba ningekuwa na rada mume wangu angerudi.

Kitu kingine nilichokisoma kilinikera zaidi kwa sababu hakikuwa na uhusiano na gari kabisa. Watafiti wamepima watu waliokaa macho masaa 17 mfululizo, wakakuta wanazubaa sawa na mtu mwenye pombe ya kiwango cha 0.05 kwenye damu. Baba Careen anaamka saa 11 alfajiri Ijumaa. Masaa 17 yanatimia saa 4 usiku. Saa 4 usiku ya Ijumaa alikuwa ndiyo kwanza anaiacha Morogoro, bado Mikumi, bado Ruaha Mbuyuni, bado Kitonga na kona zake. Kila wiki, huyu mlokole wangu asiyeonja hata bia ya harusi, alikuwa anapanda Kitonga mlevi!

Sasa wewe unayenisoma utaniuliza, si ungemwambia tu asiendeshe usiku? Nilimwambia. Nilimwambia nikiwa na mimba ya Careen, nikamwambia Noah ilipokuja, nikamwambia baada ya ile harusi. Nikimwambia mimi inakuwa "wanawake mna woga". Kwa hiyo ukweli wangu, na niliutoa jikoni siku ya tatu ya kununiana, ni kwamba ile karatasi ya friji ilikuwa ni mimi natafuta mtu wa tatu. Nilitaka gari limwambie, kwa mlio na taa nyekundu, kile ambacho nikikisema mimi hakisikiki. Nilikuwa tayari kulipa milioni 50 ili kompyuta inisemee kwa mume wangu.

Alikaa kimya. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia. Alisema ule usiku wa Mikese alishuka kwenye gari akakaa chini kwenye majani mpaka kukakucha, hakuweza kushika funguo. Na kwamba alikuja kuwachekesha watu harusini kwa sababu hakujua namna nyingine ya kulisema mbele yangu.

Basi tukakaa mezani, gari likiwa nje na vifuniko vyake vitupu, tukaandika karatasi nyingine. Shamba ni kila baada ya wiki mbili, siyo kila wiki. Mwisho wa kuendesha ni saa 3 usiku popote gari lilipo, ambayo kwa Ijumaa ina maana gari linalala Morogoro, na Jumapili likirudi linalala Morogoro tena. Saa 11 alfajiri ya Jumamosi ndiyo anaondoka kuelekea Ilula. Jumatatu akaomba kazini aingie saa 4, bosi wake alinung'unika ila akakubali. Msimu wa mavuno, safari zikibana, anachukua kijana wa deiwaka mwenye leseni yake wanapokezana usukani. Na hakuna mtu kupandishwa nyuma kwenye bodi juu ya matenga, hata awe mjomba. Hilo la mwisho lilileta ubishi kuliko yote, maana kule shamba ukimnyima mtu lifti unaonekana umekuwa Mzungu. Careen naye akaongeza la kwake: siti ya nyuma wote mikanda. Maana tulikuwa tunagombania rada ya milioni 50 wakati mtoto anasimama katikati ya siti mbili anachagua nyimbo.

Na gari? Tunabaki nalo. Tumekubaliana misimu miwili, mkopo ukiisha tutauza tukiwa hatuna haraka, na safari hiyo tunakwenda wote kusaini hata kama mtambo wa kuchapisha unawaka moto. Sikuficha kwamba ningekuwa nanunua leo ningeongeza hela nikachukua lenye breki zile, kwa ajili ya mchana na foleni na Careen. Kwa gari lililokwishanunuliwa hesabu inabadilika. Gesti Morogoro ni elfu 30, mara mbili kwa safari, safari mbili kwa mwezi: laki moja na ishirini. Mwaka mzima haifiki milioni moja na nusu.

Nilikuja ofisini na hesabu hiyo nimenyoosha kifua. Nikawasimulia wenzangu wa meza ya mitindo. Kimya. Halafu mmoja akaweka chini chai yake.

"Subiri kwanza dada. Umemruhusu mume alale gesti? Morogoro? Mara nne kwa mwezi?"

"Kwa maandishi!" mwingine akadakia. "Kwenye friji!"

Walicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mji kasoro bahari, wakasema, yaani kila kitu kipo isipokuwa bahari, na huyo mumeo siyo muogeleaji. Bora rada, dada, hata kwa mkopo!

Nilicheka nao. Lakini mpenzi msomaji, mimi naandika safu hii mwaka wa sita sasa, nasoma barua zenu, najua gesti zinafanya nini kwenye ndoa za watu. Ijumaa ya kwanza saa 3 na robo usiku ujumbe ukaingia: nimefika Moro, nimepata chumba. Nikapiga simu ya video. Nikamwambia nionyeshe chumba. Alinionyesha. Chandarua cha bluu, feni, beseni, viatu vyake jozi moja mlangoni. Nikamwambia geuza upande wa pili. Akageuza. Nikamwambia chooni. Akanionyesha choo. Hakusema kitu, wala hakununa, alinizungusha chumba kizima taratibu kama mtu anayeonyesha nyumba ya kupangisha. Nilipokata simu nilijisikia vibaya mpaka usingizi ukakataa. Mtu ameniambia alikaa kwenye majani ya Mikese mpaka asubuhi hawezi kushika funguo, na mimi namkagua beseni.

Ijumaa iliyofuata ya safari simu ikaita saa 2 na dakika 50. Ilikuwa yake, ya video, kaanza yeye.

"Nimefika. Nianzie wapi leo, chandarua au choo?"

"Nionyeshe gari," nikamwambia.

Akatoka nje. Uani kulikuwa na taa moja yenye kumbikumbi, mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki anasikiliza mpira, na pikapu yetu imeegeshwa ukutani, vumbi mpaka kwenye vioo. Akaweka mkono juu ya boneti.

"Bado ya moto," akasema. "Umeshakula?"